Swali la Kumi na Saba

Tulikuwa arubaini na wawili katika darasa la nne,
magoti yakigonga madawati ya watoto,
na nafasi yenyewe moja: karani wa bili za maji.
Msimamizi alivua saa yake ya mkononi
akailaza mezani kama mtu anayelaza bunduki.
"Maswali thelathini. Dakika thelathini. Geuzeni."

Nilikuwa nimejifunza. Miezi miwili, kitabu cha kuazima
chenye kurasa za mwisho zilizoliwa na mchwa
(ndizo zilizokuwa na majibu).
Kanuni nilizijua:
hoja nzito hulishika swali shingoni,
hoja nyepesi hulipapasa nguo.
Ukisikia "kila mtu ajua", kata.
"Tangu enzi na enzi", kata.
"Hata ng'ambo wanafanya hivyo", kata mara mbili.
Na hoja ya kweli isiyohusu, kata vilevile,
japo ni kweli, japo inakutazama.

Nyumbani nilikuwa nimegeuka adha.
Mama aliponiita, "Ndoo ule, chakula kikipoa hakina baraka,"
nilimjibu, "Nyepesi hiyo. Joto na baraka havihusiani."
"Haya, lala na njaa yako nzito."
Nikala.

Basi swali la kumi na saba:

Je, pikipiki zipigwe marufuku katika vichochoro vya mji wa kale?
Hoja ya kwanza: Ndiyo, njia ni nyembamba na waendao kwa miguu huumizwa.
Hoja ya pili: La, vijana wengi watapoteza riziki.

Aliyelitunga, sijui kama amewahi kukanyaga Lamu.
Hakujua kwamba hoja ya kwanza ni Bi Mwanatumu,
shangazi ya mama, nyonga yake iliyovunjika mwezi wa Shaabani
hatua tatu kutoka duka la halua,
na sasa analala ukumbini, kila asubuhi anauliza
nani kaacha mlango wazi.
Hakujua kwamba hoja ya pili ni Lali, kaka yangu,
aliyenilipia hati ya tabia njema
kwa noti za hamsini zinazonuka petroli.

Si yeye aliyemgonga. Ni mwenzake wa stendi moja.
Lakini pikipiki ya Lali ikinguruma kichochoroni
Bi Mwanatumu huvuta shuka hadi kidevuni.

Kitabu kilisema: usilete ya kwako.
Kitabu kilisema pia
hoja mbili zinazopingana zaweza kuwa nzito zote mbili.
Nilidhani ni hila ya watahini.

Kwetu magomvi ya jambo hili yameanza kabla ya Ramadhani.
Mama: "Babu zetu punda waliwatosha." Kata.
Lali: "Kila mtu anayo siku hizi." Kata.
Mama: "Na lile jina ulilolibandika nyuma, la mwanamke gani?"
Haihusu. Kata.
Usiku kucha tukirushiana manyoya,
na zile nzito zimekaa mkekani katikati yetu
hakuna anayethubutu kuziinua.
Nyonga haikutajwa.
Unga haukutajwa.

Nikapaka kiduara cha "zote mbili",
nikakipaka tena na tena hadi karatasi ikatoboka.
Nilipoinua kichwa, dakika tano zilikuwa zimekwenda.
Maswali manne ya mwisho sikuyafikia,
lile la treni mbili, na mengine sikuyasoma hata.

Lali alikuwa langoni akiningoja.
"Vipi?"
"Nimeacha manne."
Akacheka, akanipa kofia yake niishike.

Tulipofika Langoni, pale njia inapoanza kubana,
akazima injini, akashuka,
akaisukuma kwa mikono, jua la saa saba likimchoma shingo,
kupita duka la halua,
hadi mlangoni kwetu, kimya.

Sikumuuliza sababu.
Angenipa nyepesi:
petroli imepanda bei.